Burboni ya Kila Siku: Namna ya Kuchagua Chupa Moja ya Kutegemewa kwa Baa ya Nyumbani Malindi

Saa kumi na mbili jioni hapa Malindi kuta bado zinatoa joto la mchana. Barafu unayoitia kwenye glasi huanza kuyeyuka kabla hujaketi, na baada ya dakika kumi kinywaji ulichomimina kimegeuka kingine. Wanaoandika juu ya wiski kutoka nchi za baridi hawalifikirii sana jambo hili. Sisi tunaishi nalo, na ndilo linaloamua ni chupa gani inafaa kukaa nyumbani: ile ambayo barafu ikishayeyuka bado unaipata ladha yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka chupa moja tu ya burboni, ya bei anayoweza kuirudia bila kujinyima, itakayonyweka yenyewe, itakayochanganyika na tangawizi mgeni akija, na itakayotengenezewa kokteli siku ya Jumamosi. Msimamo wangu nausema mapema: tafuta chupa iliyoandikwa "Straight", yenye kileo cha asilimia 45 hadi 50, isiyojivunia umri mkubwa, na uijaribu kwa barafu kabla ya kuipa nafasi kabatini. Yanayofuata ni sababu na hatua zake. Aliye chini ya miaka 18 sheria ya Kenya haimruhusu kuuziwa pombe, na haya hayamhusu.

Jua kwanza unachonunua

Burboni ni wiski ya Marekani. Mwaka 1964 Bunge la nchi hiyo lilipitisha azimio la kuitambua kuwa bidhaa ya kwao peke yao. Si lazima itoke Kentucky, ingawa nyingi hutoka huko, na sheria zake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Katika nafaka zinazopikwa, mahindi lazima yawe asilimia 51 au zaidi. Ikikenekwa, yaani ikigeuzwa mvuke mtamboni kisha ikapoozwa, isizidi asilimia 80 ya kileo, ikiingia pipani isizidi 62.5, ikitiwa chupani isipungue 40. Na pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa kwa ndani mpaka likashika mkaa.

Hilo pipa ndilo linalofanya kazi kubwa. Moto unapouchoma mwaloni huuvunjavunja: lignini ya mti hutoa vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila tunayoijua kwenye keki, na sukari zilizojificha katika mbao huungua zikawa kama karameli. Pombe inayotoka mtamboni ni nyeupe kama maji, na rangi yote ya kahawia unayoiona katika burboni ya "Straight" imetoka kwenye mbao, kwa sababu hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha ya pembeni. Tena lazima iwe imekaa pipani miaka miwili au zaidi, na kama haijafikisha minne, umri wake sharti uandikwe kwenye lebo. Maana yake ni kwamba "Straight" isiyotaja umri ina miaka minne kwenda juu. Ukilijua neno hilo moja umeshaepuka nusu ya chupa zisizofaa.

Wengi huomba burboni wakapewa Jack Daniel's, wakaridhika. Hiyo hutoka Tennessee, na kabla ya kuingia pipani hupitishwa kwenye mkaa wa miti ili ilainike. Inauzwa kwa jina la wiski ya Tennessee. Ni kinywaji kizuri, na mtu akiipenda asibabaishwe na yeyote, ila katika mwongozo huu natafuta kitu chenye makali zaidi.

Nafaka: mahindi, rai, ngano

Mahindi huleta utamu. Tofauti kati ya burboni na burboni hutokana zaidi na nafaka ya pili. Shayiri iliyooteshwa huwamo kidogo karibu katika zote, kwa kusaidia uchachu. Kinachobaki huwa ama rai, ama ngano.

Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, na ladha yake iko upande wa pilipili manga, karafuu na mdalasini. Bulleit ina rai asilimia 28, ambayo ni nyingi. Four Roses wana mapishi mawili ya nafaka, moja lenye rai asilimia 20 na lingine 35, na huyachanganya. Kwa upande mwingine kuna zilizotumia ngano badala ya rai, na inayojulikana zaidi ni Maker's Mark, ile yenye nta nyekundu shingoni. Ngano huifanya laini, ya mviringo, isiyochoma. Katikati wamo Jim Beam, Buffalo Trace na Wild Turkey, zenye rai ya kiasi au kidogo.

Mpwani amekulia kwenye pilau, na viungo vya rai havimtishi. Ukizoea kunywa na ndimu na tangawizi, elekea kwenye rai, maana ndimu huizima ngano upesi. Ukinywa yenyewe na tone la maji, au na madafu, ngano inapendeza sana. Kwa chupa moja ya kufanya kila kazi, rai ya kiasi ndiyo chaguo langu.

Nguvu ya kileo: hapa ndipo penye uamuzi

Tufanye hesabu. Umemimina mililita 50 za burboni juu ya barafu. Kwa joto letu, glasi ikikaa kibarazani, haitachukua muda maji ya barafu kufika mililita 25. Kama chupa ilikuwa ya asilimia 40, kilichomo glasini sasa ni asilimia 26.7. Ya asilimia 45 imeshuka hadi 30. Ya asilimia 50 bado iko 33.3. Pengo hilo mdomoni ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Ya kwanza imeshakuwa maji matamu yenye harufu ya vanila kwa mbali, wakati ya tatu bado ina mahindi, mwaloni na viungo vyake. Ukiongeza soda juu, pengo linazidi kupanuka.

Ndiyo maana sipendekezi asilimia 40 kuwa chupa ya kila siku katika mji huu, hata kama jina ni kubwa. Jim Beam nyeupe na Four Roses ya kawaida ni 40. Ni safi, ni rahisi kunyweka, na kwa anayeanza hazina ubaya. Lakini Bulleit ni 45, Maker's Mark 45, Buffalo Trace kwa kawaida 45, na Wild Turkey 101 ni 50.5. Namba hiyo 101 ni kipimo cha Kimarekani kiitwacho prufu, na prufu ukiigawa kwa mbili unapata asilimia. Hata hivyo soma chupa iliyo mkononi mwako, kwa maana kampuni nyingine hutoa nguvu tofauti kwa masoko tofauti.

Ukibahatika kukuta chupa iliyoandikwa "Bottled in Bond", ichunguze kwa makini. Maneno hayo yanatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1897, iliyopitishwa wakati wauzaji walipokuwa wakighushi wiski kwa rangi na takataka nyingine. Chupa ya namna hiyo lazima itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, ikae miaka minne au zaidi katika ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na itiwe chupani kwa asilimia 50 kamili. Kwa mnywaji wa barafu, haya ni masharti manne yanayomlinda kwa mpigo, na mara nyingi bei yake huwa ya kiungwana.

Nguvu ina upande wake wa pili. Mililita 50 za burboni ya asilimia 50 zina mililita 25 za kileo halisi. Chupa ya Tusker ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina 21. Toti yako moja basi imezidi bia nzima. Pima kwa kipimo, usimimine kwa macho, na ukishakunywa, boda na tuktuk zipo: acha gari.

Na umri? Watu hulipa fedha nyingi kwa namba kubwa kwenye lebo. Burboni hukaa katika pipa jipya, na mbao mpya hutoa vitu vyake kwa kasi, tena majira ya joto ya Kentucky ni makali. Ikikaa mno, mwaloni hufunika mahindi na kinywaji huwa kichungu, kikavu ulimini. Miaka minne hadi minane inatosha kabisa kwa chupa ya kila siku.

Dukani

Maduka ya vileo yako mengi kando ya Barabara ya Lamu na kwenye supamaketi za mjini. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ndiyo inayoenda sana." Mshukuru, kisha muulize ina asilimia ngapi, na ugeuze chupa usome mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Soma kwa mpangilio huu. Kwanza neno "Straight". Pili asilimia ya kileo. Tatu umri, kama umetajwa. Maneno "Small Batch" hayana maana yoyote ya kisheria, kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo usiyalipie. "Single Barrel" ni pipa moja kweli, lakini kwa sababu hiyo hiyo chupa ya leo na ya mwezi ujao zaweza kutofautiana, na chupa ya kila siku tunataka izoeleke.

Kisha stempu ya ushuru ya KRA. Kila chupa ya pombe kali inayouzwa kihalali Kenya huwa nayo, na programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label huisoma stempu na kukuonyesha ni ya bidhaa gani. Isome pale pale kaunta, muuzaji mwaminifu hatakasirika. Ikitaja bidhaa tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe rafuni. Tazama pia kifuniko: muhuri usiwe umelegea, nta isiwe imepasuliwa na kubandikwa tena, lebo isiwe imepinda au ina gundi iliyofurika. Bei iliyo chini sana kuliko ya maduka mengine ni onyo tosha. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Mtu akinywa kitu kisha macho yakaingia ukungu, asingojee asubuhi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu bei, linganisha kwa toti. Chupa ya mililita 750, ule mzinga, hutoa toti 15 za mililita 50, na ya lita moja hutoa 20. Tuseme mzinga ni shilingi 3,600: toti ni 240. Lita ikiwa 4,400, toti ni 220. Mara nyingi lita ndiyo nafuu, lakini soma sehemu ya kuhifadhi kabla ya kununua kubwa.

Jaribio la glasi tatu

Hapa usiharakishe. Chagua chupa mbili zinazoshindana, ununue kwota ya kila moja kama zipo, au ushirikiane na rafiki kila mmoja anunue yake. Fanyeni kabla ya chakula, na kabla mtu hajagusa pilipili wala kahawa chungu.

Andaa barafu jana yake. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, na chumvi hiyo utaionja barafu ikiyeyuka, kwa hiyo tumia maji ya chupa au ya mfereji yaliyochemshwa. Usitumie vile vitray vya vipande vidogo. Gandisha kwenye vikopo vya mtindi, upate donge moja kubwa, maana donge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vingi vya uzito ule ule. Umeme ukikatika kutwa nzima, ahirisha jaribio.

Glasi ya kwanza ni ya burboni peke yake, mililita 20 tu. Chupa iliyokaa kwenye chumba chenye nyuzi 30 hutoa mvuke mkali wa kileo unaoziba harufu nyingine zote, kwa hiyo iweke friji dakika kumi na tano kwanza. Usiingize pua ndani. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, uvute pumzi taratibu. Onja, halafu tia matone machache ya maji na uonje tena. Mwishowe mwaga tone kiganjani, usugue mikono mpaka ikauke, unuse: kileo kimeruka, na kilichobaki ni nafaka na mbao. Burboni nzuri huacha harufu ya mahindi ya kuchoma, vanila, labda ngozi. Ile changa au mbovu huacha harufu ya rangi ya mlango.

Glasi ya pili: mililita 50 juu ya donge la barafu, uiache dakika kumi kibarazani. Usiiguse. Zungumzeni mengine. Ukirudi, koroga mara moja na uonje. Glasi hii ndiyo hakimu, na kama moja kati ya mbili imekuwa maji, jaribio limeshaamua.

Glasi ya tatu: mililita 50 za burboni, 20 za ndimu, 20 za shira, zitikiswe na barafu. Ndimu yetu ni kali kuliko limau linalotumiwa Marekani, ndiyo maana nimepunguza. Uliza swali moja tu: naionja burboni, au naonja sharubati? Ukishindwa kuitambua, chupa hiyo ni ya kunywewa yenyewe, haifai kuwa ya kila kazi.

Chupa unayoitaka si lazima ishinde kwenye glasi yoyote. Inatakiwa isianguke hata kwenye moja.

Vinywaji vya kuanzia

Shira unaijua kutoka kwenye kaimati. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji mpaka sukari iyeyuke, usiiache ikashika uzito. Punje mbili za iliki zilizopondwa zinapatana na burboni ajabu. Chuja, itie kwenye chupa safi, ikae friji, itumike ndani ya wiki tatu.

Old Fashioned: mililita 50 za burboni, kijiko cha chai cha shira, matone mawili au matatu ya Angostura (dawa chungu ya viungo ya kutilia kokteli), barafu kubwa, koroga taratibu nusu dakika. Kata ganda la chungwa bila nyama nyeupe, likunje juu ya glasi mafuta yaruke, kisha litumbukize. Machungwa ya pwani yana ganda la kijani, lakini mafuta yake yana harufu nzuri vile vile.

Kwa tangawizi, Stoney ya baridi inatosha: mililita 50 kwa 120, na robo ya ndimu. Hiki ndicho watakachokiomba wageni wengi, na hapa rai inang'ara.

Madafu, mililita 100 kwa 50 za burboni, na chumvi chembe chache. Yawe madafu yaliyopasuliwa siku ile ile. Ya jana yameanza kuchachuka na yataharibu kila kitu.

Malindi ina Waitaliano wa miaka mingi, na kwa sababu yao Campari, pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano, na vermuti nyekundu, mvinyo uliotiwa mitishamba, si vitu vya kuhangaikia. Changanya mililita 45 za burboni, 30 za Campari na 30 za vermuti, koroga na barafu, upate Boulevardier. Ni chungu, ni nzito, na kinafaa kunywewa kabla ya chakula na korosho za kukaanga. Burboni ya asilimia 40 humezwa na Campari mara moja, ya 50 inasimama.

Wageni wasiokunywa

Mji wetu ni wa Waislamu wengi, na nyumba yenye baa hutembelewa na watu wasiogusa pombe. Wawekee glasi zao, ambazo hazijawahi kutiwa kileo, na kinywaji chao kitengenezwe kwa uangalifu ule ule: ukwaju wa barafu, madafu, au shira ya iliki na ndimu na soda. Chupa zikae kabatini, zisipangwe sebuleni kama mapambo. Na mtu akikataa glasi, asiulizwe sababu.

Kuhifadhi, na chupa ikiisha

Simamisha chupa wima, usiilaze kama mvinyo, kwa sababu kileo kikali hula kizibo. Iweke gizani, mbali na jiko na dirisha la magharibi, kabati la chini ndilo bora kwa kuwa joto hupanda. Haihitaji friji. Ikiwa imejaa zaidi ya nusu, itakaa mwaka mzima bila kubadilika sana, lakini ikishuka chini ya robo, hewa iliyomo huanza kuifubaza, basi imalize ndani ya miezi michache au uihamishie kwenye chupa ndogo inayofunga vizuri. Mnywaji wa toti mbili kwa wiki hana haja ya chupa ya lita.

Chupa ikiwa tupu, usiiweke nje nzima. Wanaotengeneza pombe bandia hutafuta chupa halisi zenye lebo na vifuniko vyake. Kwaruza lebo, chana stempu, vunja kifuniko, ndipo uitupe.